Kizungu Changu Kilimponza Maalim

Nilikosa, wala sitafuti wa kunitetea. Nimejitetea mwenyewe miaka yote hii mpaka nimechoka na uongo wangu.

Wakati huo reli ndiyo kwanza inaanza kwenda bara. Nilikuwa kijana wa Mji wa Kale, nimesoma Kizungu miezi michache kwa wageni, nikajiona msomi. Msomi gani! Nilijua kusalimu, kuhesabu na kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, basi. Lakini nikipita barabara ya Ndia Kuu na viatu vyangu, nikiwacheka wenzangu waliokwenda darsani kwa Maalim, mzee aliyenisomesha Kurani tangu utotoni. Nikiwaambia elimu yao ni ya kusomea maiti tu.

Serikali ikataka kupitisha barabara makaburini. Mji ukachafuka. Maduka yakafungwa, watu wakamfuata Maalim mpaka kwa afisa wa Kizungu. Mkalimani wake siku hiyo alikuwa mgonjwa, afisa akauliza nani anajua Kizungu. Nikajitokeza, kifua mbele.

Maalim akasema kwa upole, "Mwambie, mwanangu, tuko radhi kufa hapa kuliko kuona wazee wetu wakifukuliwa."

Kufa sikujua kwa Kizungu. Nilijua kuua, nilifundishwa katika kisa cha simba. Ningesema sijui. Lakini mbele ya umati ule, msomi mzima mimi? Nikamwambia afisa watu hawa wako radhi kuua.

Alibadilika rangi, akaita askari. Virungu vikashuka, mawe yakarushwa, Maalim akaburutwa kwa kanzu yake hadi gerezani. Mimi nilisimama kando ya afisa, hakuna aliyenigusa. Bado ningeweza kusema nimekosea. Nikanyamaza, na baada ya siku chache nikapewa kazi ya ukarani. Nikaipokea!

Maalim alitoka gerezani amedhoofika, sikio moja halisikii. Alinijia nyumbani yeye mwenyewe, akaniuliza, "Ulimwambia nini yule bwana?"

"Yale yale uliyoniambia, Maalim."

Akaitikia kwa kichwa. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama akawaomba radhi wote waliopigwa, akasema ulimi wake ndio uliokuwa mkali. Nilikuwa safu ya pili, nimeinamisha kichwa kama mcha Mungu. Mnafiki mkubwa!

Darsa hakuifungua tena. Alikufa akiamini kosa ni lake. Barabara ikapita. Na ukarani wenyewe haukudumu, kwani siku niliyopewa barua ya kweli kuisoma, Kizungu changu kilijulikana kilivyo, nikafukuzwa.

Nanyi vijana mnaotoka shule na maneno mawili ya wageni mdomoni, mkawaona watu wote wajinga ila nyinyi, nisikilizeni. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Mtachekwa, kisha watu watakwenda zao kula chakula chao.

Laiti mimi ningechekwa.