Jezi za Bi Nyeupe

Katika msimu wa baridi ambao wazee wa mtaa wanaukumbuka kwa umande wake mzito, palikuwa na binti wa shule aliyekimbia hata vumbi likachelewa kunyanyuka. Siku ya mashindano mwalimu alimtoa mstarini, kwa kuwa sare yake ilikuwa imechanika mgongoni na wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Alisimama nyuma ya uzio, akawashangilia wenzake hadi sauti ikamkauka. Jioni aliifua sare ile, akaishona, akainyoosha kwa pasi ya mkaa ya shangazi yake, ingawa mashindano yalikuwa yamepita.

Pasi ile ndiyo iliyomlea. Ukubwani alifungua chumba cha udobi kwenye kona ya mtaa: mabeseni, sufuria kubwa ya kuchemshia, meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua hapa na pale, na kibao mlangoni kilichosema NYEUPE PE. Watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wakamwita Bi Nyeupe.

Kinyozi wa jirani, ambaye jioni aliwafundisha mabinti wa mtaa mpira wa pete, alimjia siku moja kofia mkononi.

"Dada, wasichana wangu wanacheza na magauni ya nyumbani. Mwamuzi ameshatuonya. Huna mashuka makuukuu tushone kitu?"

"Mashuka makuukuu mpe mbuzi alalie. Wanangu watavaa jezi."

"Wanao? Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Keti, unaniziba mlango."

Akanunua jezi nyeupe, akashona jina la duka lake migongoni, akaahidi kuzifua kila baada ya mchezo. Ahadi ile ikazaa mambo. Mabinti waliozoea kuzurura hadi giza sasa walingojea jezi benchini kwake, na wakati wa kungoja walifanya kazi za shule juu ya meza ya kunyooshea, upande usio na moto. Mama zao, waliokuwa wakipitana bila salamu, wakajuana uwanjani. Fundi viatu naye hakukubali kuachwa nyuma. Akaanza kuziba raba zao bure, huku akinung'unika kwamba mtaa mzima umezaa miguu ya tembo.

Hatimaye wakafika fainali. Asubuhi ya siku ile majirani walimiminika dukani kumpongeza Bi Nyeupe. Desturi yake tangu aanze kazi ilikuwa moja: nguo igeuzwe nje ndani na kila kificho kipapaswe kabla haijagusa maji. Asubuhi ile alipokea sifa kwa mkono mmoja, akatumbukiza jezi kwa mkono wa pili. Alipofunua sufuria, maji yalikuwa mekundu. Utepe wa nywele, uliosahauliwa ndani ya mkono wa jezi moja, ulikuwa umetema rangi yake yote.

Alisuuza, akatia dawa, akasuuza tena. Jezi zikabaki za pinki.

Dobi mwenzake wa ng'ambo ya barabara akaja kuchungulia. "Mgema akisifiwa, shoga yangu…" akasema, asimalizie.

"Wewe tembo lako ulilitia maji zamani. Mimi langu nimelitia rangi," akamjibu. Mwenzake alipoondoka, akazitandaza jezi mezani. Alasiri ile mji mzima ungeliona kosa lake likikimbia uwanjani, nalo limebeba jina la duka lake mgongoni. Nani angemletea tena shati jeupe? Akachukua mkasi, akaanza kufumua herufi.

Alikuwa kwenye jezi ya kwanza alipoingia mfungaji wa timu, msichana mrefu aliyeitwa Mlingoti.

"Bibi, unafanya nini?"

"Naficha aibu yangu, mjukuu wangu. Leo mtacheza bila jina."

"Utepe ulikuwa wangu."

"Na jezi zilikuwa mikononi mwangu. Haya, nenda kapashe mwili moto."

Mlingoti hakwenda. "Sasa watu wakiuliza sisi ni wa nani, tujibu nini?"

Bi Nyeupe akamtazama. Akauona tena ule uzio, na sare iliyochanika mgongoni. Akaweka mkasi chini, akatunga uzi kwenye sindano.

"Nishikie hapa. Kaza."

Walipoingia uwanjani, upande wa pili walicheka hadi wengine wakakaa chini. "Nyeupe pe! Nyeupe pe!" wakaimba kwa kejeli. Kinyozi akainamisha kichwa. Bi Nyeupe akasimama mbele ya mama wote, akapaza sauti: "Ni kazi ya mikono yangu! Wanangu wameiva!" Mama wakadakia, na wimbo wa kejeli ukanyakuliwa ukawa wa mtaa. Walishindwa kwa goli moja, nao wakarudi wakiimba. Aliyewasikia kwa mbali alidhani kombe limo njiani.

Jumatatu alifungua mlango akitazamia ukimya. Akamkuta mwashi amebeba shati lake jeupe la harusi.

"Mama, aliyelikiri kosa lake mbele ya uwanja mzima hawezi kunificha akiliharibu shati langu," akasema.

Tangu hapo jezi hazikuwa nyeupe tena. Jina la fundi viatu likashonwa chini ya lile la duka, na muuza mbao akaleta nguzo mpya za pete. Kinyozi alipozeeka, Mlingoti ndiye aliyeshika filimbi.

Msimu wake wa mwisho magoti ya Bi Nyeupe yalikuwa yamemkatalia, akafanya kazi juu ya kigoda. Aligeuza kila jezi mpya nje ndani, akapapasa kila mkono, kisha akaomba utepe mwekundu, akautumbukiza mwenyewe sufuriani pamoja nazo. Akazianika, migongo ikielekea barabarani, akaketi mlangoni kungojea zikauke.