Siku Kaka Aliponusa Amonia

Kaka yangu anauza petroli ya chupa Ilembo, hapa Mpanda, kando ya barabara, kwenye kibanda ambacho mgeni anaweza kudhani ni banda la kuku. Watu walikuwa wanavipita vibanda vingine vyote na kuja kwake, kwa sababu ya pua. Kwetu hakuna anayenunua petroli ya chupa bila kuinusa. Dereva wa bodaboda anafungua kizibo, anavuta, ndipo anatoa hela. Kaka alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Akivuta mara moja anakwambia hii imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, na hata waliouziwa kwingine walimletea chupa zao awanusie. Nilikuwa namwambia pua hiyo ingekuwa mguu, angechezea timu ya taifa.

Mume wangu ni fundi wa mashine za baridi. Huwa anaenda Karema, ziwani, kutengeneza mashine za barafu wanayopakilia samaki, na zile kubwa za zamani zinatumia gesi ya amonia. Yeye na kaka ni mashemeji, na nyie mnajua utani wa mashemeji ulivyo. Sijawahi kuwasikia wakisalimiana kwa adabu. Mmoja akisema "mzee wa vumbi, bado uko hai?", mwenzake anajibu "mzee wa barafu, leo umeyeyuka?" Labda kuwe na msiba ndiyo wataongea kama watu wazima, tena kwa kujikaza.

Siku hiyo mume wangu alirudi kutoka Karema mchana, ana njaa. Kulikuwa na mashine mbovu imeng'olewa huko, na amonia iliyobaki ndani yake alikuwa ameichanganya na maji kwenye dumu la njano la mafuta ya kula, ampelekee fundi mwenzake mjini. Akaogopa jua la kwenye pikapu, akaliteremsha dumu na kuliweka kivulini. Kivuli chenyewe ni cha kibanda cha kaka, na kaka naye akiba yake yote ya petroli ipo kwenye madumu ya njano. Nikifika hapo hadi leo damu inanichemka. Mtu mzima, tena fundi, unaweka sumu katikati ya madumu ya mafuta halafu unaulizia ugali.

Niliwatengea chakula pale pale kibandani. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, malori ya mafuta yamekwama njiani, na kaka alikuwa analalamika kwamba atafunga biashara. Mume wangu akamchokoza. "Nyie wauza petroli mmekwisha. Huko nje wanajaribu magari na meli zinazotembea kwa amonia. Inatengenezwa kwa hewa, maji na umeme. Hewa tunayo, ziwa lipo Karema, umeme tutavuna kwa jua. Tukitengeneza hapa hapa Katavi, nani atasubiri lori?"

Kaka akaacha kula. Akauliza kama ni kweli au ndiyo yale yale ya kila siku. Mume wangu akamwambia ni kweli, haitoi ule moshi wa kaboni unaosemwa kila siku redioni, ila bado ni kazi ngumu: inawaka kwa uvivu, ina uchafu wake mwingine, na ikivuja inaua watu. Maneno ya mwisho sidhani kama kaka aliyasikia. Alikuwa ameshajiona na kibanda kipya, anauza kitu ambacho hakisubiri lori.

"Ipoje hiyo amonia?" akauliza.

"Si hiyo hapo kwenye dumu," mume wangu akasema, tonge mdomoni. "Usiiguse, shemeji. Ukiinusa utamwita marehemu bibi yako."

Aliyasema kwa sauti ile ile ya mzee wa vumbi na mzee wa barafu. Kaka akacheka. Mimi pia nilicheka. "Pua hii?" kaka akasema, akainama, akafungua kizibo, akavuta kama anavyovuta petroli, kwa nguvu, macho amefumba.

Sijawahi kuona binadamu anatupwa nyuma na kitu kisichoonekana. Alianguka chali, mikono shingoni, mdomo wazi na hakuna sauti inayotoka. Harufu ikatufikia na sisi, machozi yakatutoka papo hapo. Mume wangu akazuia pumzi, akafunga dumu, akamburuta kaka hadi upande wa pili wa barabara huku akiniambia nilete maji. Nikaja na ndoo ya kuoshea vyombo, tukamwagia macho. Kaka alikuwa anavuta hewa na haiingii. Nilisimama pale na ndoo tupu nikijua kwamba naangalia ndugu yangu anakufa, na ugali wake bado una moto.

Ndani ya pikapu, tukikimbilia hospitali, mume wangu alilia. "Nilimwambia asiinuse," akawa anasema. "Wewe si shahidi? Nilimwambia."

Nikamjibu, "Ulimwambia lini? Tangu mjuane, umewahi kumwambia kitu akajua ni cha kweli?"

Mungu ni mwema, kaka hakufa. Macho yalirudi, koo likapona, sauti ikabaki na mikwaruzo. Akarudi kibandani, wateja wakarudi na chupa zao, akawa anavuta na kutikisa kichwa kama zamani. Nikasema yameisha.

Halafu siku moja nikaenda kwake, nikakuta nyumba imejaa harufu ya maharage yaliyoungua. Kaka amekaa pembeni ya jiko, anaangalia simu. Nikamuuliza kama hasikii harufu. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema tangu siku ile hasikii harufu ya kitu chochote. Nikamuuliza, na hizo petroli za watu unazozinusa? Akainuka, akaepua sufuria.

Jioni nikaja na mume wangu. Alimwomba radhi, safari hii kwa adabu, hadi nikaona aibu kumtazama. Akaeleza jambo ambalo alipaswa kulieleza mapema: amonia ina huruma moja tu, harufu yake. Inakufukuza mbali kabla haijakuua. Siku magari ya amonia yakifika Mpanda na moja likavuja, watu wenyewe watakimbia.

"Na mimi?" kaka akauliza.

Mume wangu akaanza kumwomba radhi upya. Kaka akamgusa goti.

"Nitanie basi, shemeji," akasema. Mume wangu akaanza, "Mzee wa vumbi," akaishia hapo.