Kipalilio Alichokiunda Baba

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Kinampanda, na mama alilima vitunguu bondeni. Vitunguu hupaliliwa kwa kuchuchumaa, mstari kwa mstari, kutwa nzima. Ilifika mahali mama akawa anainuka kwa kujishika magoti, halafu anatembea hatua kadhaa bado amejikunja.

Baba akachukua gurudumu la baiskeli ya mtoto, akalifunga mpini mrefu, na nyuma yake akachomelea kisu alichokichonga kutoka kwenye springi ya lori. Kipalilio hicho alikibomoa na kukiunda upya kwa misimu miwili. Siku kilipokubali, mama alikisukuma kati ya mistari akiwa amesimama wima. Alipofika mwisho wa jaruba alicheka peke yake, kwa sauti. Sijui kama nilishawahi kumsikia akicheka shambani.

Mimi nilikuwa nauza simu mjini, mtaa wa Utemini. Niliposikia kuna maonyesho ya wabunifu mjini, nilimshawishi baba aje. Alikuja na shati la kanisani, kipalilio kimefungwa juu ya basi.

Mwamuzi aliyefika kwenye meza yetu alikuwa kijana msomi, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alikigeuzageuza kile kifaa. "Mzee wangu, kazi nzuri. Ila kitu cha namna hii kipo duniani miaka mingi. Wewe umeboresha tu, hujavumbua."

Baba alifikiri kidogo. "Kipo wapi? Mbona mke wangu hajawahi kukiona?"

Kijana alitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda meza ya pili. Huko ndiko ushindi ulikokwenda: kwa programu ya simu ambayo ukilipiga picha gugu, inakutajia jina lake.

"Na likishatajwa," baba aliniuliza, "nani analing'oa?"

 Nilichojua ni kwamba ndani ya programu ile hamkuwa na kipya. Simu ilikuwepo, kamera ilikuwepo, hata majina ya magugu mama anayajua yote kwa Kinyiramba. Mimi mwenyewe kila mwaka nilikuwa nawaambia wateja kwamba toleo lililoingia ni jipya kabisa, wakati kilichoongezeka ni kamera moja. Hayo nayo ni maboresho tu. Ila yao yalipigiwa makofi.

Baba alirudi Kinampanda na kipalilio juu ya basi. Wiki ile alikifungua kipalilio. Gurudumu alimfungia mteja, mpini ukawa wa jembe. Nilimpigia simu nikimsihi aunde kingine, mama anakihitaji, maonyesho ayasahau.

"Niunde cha nini? Chochote nitakachounda, kumbe kipo tayari."

"Baba, hapo Kinampanda hakipo."

"Basi nenda kakilete."

Nilikitafuta maduka yote ya zana mjini. Walinionyesha majembe, na pampu za dawa za rangi mpya.

Mama alirudi kuchuchumaa, misimu mitatu. Wa nne mgongo ulikataa kabisa. Sasa ananipigia simu ya picha akiwa amelala kwa ubavu, na picha ni safi kuliko zamani. Naona kila mkunjo wa uso anapojigeuza. Baba yuko barazani, anaziba pancha. Bondeni hakuna aliyepanda kitu.