Kopo la Poda Juu ya Kabati

Kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya arusi yangu, mwanangu Wilondja. Ni siku ile direkta, mkuu wa shule, aliposoma matokeo ya darasa la sita, na mimi nimesimama mbele ya wazazi wote na kopo la poda mkononi, kifuniko nimeshakifungua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na ulishaanza kwenda zako ziwani na wenzako, kwa hiyo mengi hukuyaona. Leo nitakueleza hata yale ninayoona haya kuyasema, kwa sababu ya jambo lililonipata hapa kwako juzi. Nitalifikia. Usiniharakishe, magoti yananiuma na maneno yangu nayo siku hizi yanatembea polepole.

Tuanze na wewe. Ulipofaulu ule mtihani wa taifa, ule tuliozoea kuuita TENAFEP, mimi nilikuwa karibu kurukwa na akili. Desturi yetu unaijua: mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, kisha ndugu wanamtembeza mtaani wakiimba. Nilikumwagia kopo zima. Nilikutoa shuleni nikakupitisha sokoni, nikakufikisha mpaka ufukweni ambako wenzangu walikuwa wanaanika ndagala, na poda ikaingia kwenye samaki wao, wakanitukana huku wanacheka. Mji mzima wa Baraka ulijua kwamba Mama Wilondja ana mtoto mwenye akili.

Lakini haikuwa furaha ya mtoto peke yake, mwanangu. Mimi niliachia shule darasa la nne, tulipokimbia vita kwa mtumbwi kwenda Tanzania, na hakuna mtu aliyewahi kunimwagia kitu kichwani isipokuwa maji ya ubatizo. Nilikuwa nacheza nyuma yako, lakini kwa kweli nilikuwa ninajichezea mwenyewe. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa nimeshachelewa.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya dada yako Sifa. Sikungoja hata mtihani ufike. Wiki sita kabla nilinunua kopo jipya, nikaliweka juu ya kabati, mbele ya ile meza aliyosomea. Kila asubuhi akiwa anafunga viatu nililionyesha kwa kidole nikamwambia, "Sifa, unaona? Iko nakungojea." Nilidhani ninamtia moyo. Na mtaani nilitembea nikisema mambo yameshaisha, mtoto wangu wa pili naye anapita, waandae masikio yao kwa nyimbo.

Sifa alikuwa mtoto wa kelele, unamkumbuka. Aliimba hata akiwa anaosha sahani. Zile wiki akanyamaza. Fufu, ugali wetu wa muhogo, alikuwa anaifinyanga vidonge vidogo, kisha anavirudisha kwenye sahani. Nikiulizwa nilijibu kwamba ameanza kuwa mtu mzima, yuko makini na masomo. Bibi yenu, Koko kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao, ambaye Mungu amrehemu, ndiye pekee aliyeniambia ukweli.

"Mama Wilondja," akasema, "ile kitu uitoe pale juu. Mutoto iko anaiangalia sana kuliko vitabu."

Unajua nilimjibu nini? Mimi huyu, mbele ya mama mkwe wangu? Nilimwambia, "Koko, nyinyi wazee hamujue mambo ya masomo." Alinitazama kidogo, akachukua fimbo yake akatoka nje. Kopo likabaki juu.

Asubuhi ya mtihani Sifa alitapika chai yote mlangoni. Nikamwambia ni joto tu, nikamfuta mdomo kwa kitenge changu, nikamsindikiza. Watoto walikuwa hawafanyii mtihani kwenye shule yao. Walipelekwa shule nyingine ya mbali, wakachanganywa na watoto wasiowajua, na walimu wageni wakawasimamia. Sisi wazazi tulijaa kwenye uzio. Nilimwona Sifa akiingia na kalamu mbili mkononi, nikapaza sauti, "Sifa! Usinipatishe haya!" Hayo ndiyo maneno aliyoingia nayo darasani. Sikusema Mungu akusaidie. Nilisema asinitie aibu.

Basi siku ya matokeo ikafika. Uwanja wa shule ulijaa. Jirani yetu Mama Mapenzi alisimama kando yangu, binti yake Mapenzi alikuwa darasa moja na Sifa na walikuwa wanalala nyumba moja leo, kesho nyumba nyingine, kama pacha. Direkta akafungua karatasi akaanza kusoma majina ya waliofaulu, na baada ya kila jina poda ikapaa na vigelegele vikafuata. Mapenzi akaitwa. Mama yake akapiga kelele akaanguka magoti. Mimi nikacheka, nikasogeza kifuniko, nikangoja.

Direkta akakunja karatasi.

Mwanangu, nilihisi masikio yameziba. Zaidi ya nusu ya darasa haikuitwa, na wazazi tulisimama pale midomo wazi. Baba mmoja alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mwingine alipiga kelele kwamba shule imelogwa. Mama mmoja alimchapa mtoto wake kibao palepale, mtoto hata hakulia. Mwalimu wa darasa la sita alishatoka kwa mlango wa nyuma. Nami nikapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Directeur, soma tena! Uliruka jina ya mutoto wangu!"

"Mama, sikuruka."

"Nakuambia soma tena!"

Maskini, akanifungulia karatasi, akapitisha kidole taratibu toka juu hadi chini. "Angalia mwenyewe, mama. Jina haiko."

Niligeuka. Sifa alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, ananitazama. Hakuwa anamtazama direkta, wala wenzake. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja aone nitafanya nini. Watu nao walikuwa wananitazama, wale wote niliowaambia waandae masikio. Na kopo lilikuwa wazi mkononi.

Nikalimwaga lote kichwani mwa Mapenzi. Nikapaza sauti, "Huyu sasa ndiye mutoto!" Nikacheza. Ndiyo, nilicheza, nikamtembeza mtoto wa jirani mpaka njia panda ya soko, nikijitia sina habari, na mwanangu mwenyewe nikimwacha ukutani. Mama Mapenzi alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mama Wilondja, inatosha, mutoto wako anaona." Nikautoa mkono wake.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado kali. Baba yenu alikuwa amekwenda Kazimia kununua samaki, nyumba ilikuwa kimya. Nilisikia kitu jikoni, nikasukuma mlango. Sifa alikuwa amekaa chini, mbele ya kile kipande cha kioo nilichojitazamia. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Alikuwa amechukua unga wa muhogo, unga wetu wa fufu ya siku ile, akajimwagia mwenyewe. Machozi yalikuwa yametengeneza mistari miwili mpaka kidevuni.

Akageuka akaniambia polepole, "Mama, angalia. Mi pia niko na pudre. Niko mutoto wako sasa?"

Ningependa kukuambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilishtuka mpaka akili ikakimbilia mahali pa kijinga kabisa, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Unga! Unaharibu unga, leo tutakula nini?" Mpaka leo nikikoroga fufu yale maneno yananirudia.

Koko alikuwa nyuma yangu, sikujua. Alinipita, akakaa chini kando ya mtoto na uzee wake wote, akaanza kumpangusa unga kwa kona ya kitenge. Hakunitazama alipozungumza.

"We, mama. Nikuulize. Wakati ulizala huyu, mukunga alikuambia alipata points ngapi?"

Nikautazama unga uliomwagika chini.

"Jibu. Alikuambia points ngapi?"

"Hakuniambia, Koko."

"Na ulimupokea?"

"Nilimupokea."

"Basi leo ni nani alikuambia umurudishe?"

Kesho yake walipanda gari la kwenda Lweba, kijijini kwa Koko, Koko na mjukuu wake, na vitu vya Sifa vimefungwa ndani ya shuka. Koko aliniambia kwamba mtoto atarudi siku nitakapokwenda kumfuata mwenyewe, na nisiende na zawadi. Baba yenu aliporudi akasikia habari mtaani, hakunigombeza. Alikula, akanawa, akaniambia, "Uliacha mutoto wetu ukutani? Mimi singeweza." Ilikuwa afadhali anipige.

Nilikaa wiki tatu. Wewe ulidhani dada yako yuko likizo. Mimi nilikuwa naogopa, maana kwetu mtu mzima anamsamehe mtoto, hamwombi msamaha. Sikuwahi kumwona mama yangu akifanya hivyo, wala mama yake. Mwishowe nilikwenda. Nilimkuta katika shamba la muhogo, anapalilia, nikaweka mkoba chini nikamwambia, "Sifa, nilikukosea. Unisamehe." Akaniambia, "Sawa, mama." Akaendelea kung'oa majani. Nikainama nikang'oa naye mpaka mstari ukaisha. Shule zilipofunguliwa alirudi Baraka, akarudia darasa la sita na watoto waliomzidi udogo, kimya.

Mwaka ule sikuweka kitu juu ya kabati. Na alifaulu, mwanangu. Direkta alimtaja katika wale wa kwanza. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimeficha kopo ndani ya kitenge. Nikamkimbilia, nikanyanyua mkono, na Sifa akainama haraka akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeona fimbo inakuja.

Nilibaki na mkono hewani. Kati ya mishtuko yote ya maisha yangu, na mimi nimekimbia risasi, huo ndio ulionikata miguu. Nikashusha mkono. Tulirudi nyumbani tunatembea tu. Kopo lile liliishia kwenye shingo ya kitoto cha jirani kilichokuwa na vipele vya joto.

Leo dada yako ni muuguzi Uvira, anawatunza watoto wa watu, na hunipigia simu kila Jumapili. Ananipenda, sina shaka. Lakini siku alipopata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, wenzake walipomkimbiza na poda alijifungia ndani ya duka la mtu mpaka wakaondoka. Na mara moja tu aliniambia, bila hasira, kwamba siku ya ule mtihani wa kwanza karatasi alikuwa haioni. "Nilikuwa naona kopo tu, mama. Kila swali nilikuwa naona kopo." Mtoto aliyekuwa anajua hesabu kuliko mimi na baba yake.

Sasa juzi. Nilipita hapa kuwaletea ndagala, wewe hukuwepo. Nikamkuta binti yako Neema mezani, vitabu vimefunguliwa. Nikanyanyua macho, nikaliona. Kopo jipya, juu ya kabati, umeligeuza vizuri litazame meza. Nililazimika kukaa. Najua hukufanya kwa ubaya. Wewe ulionjeshwa ile poda ikiwa tamu, hukuwahi kuona upande wake wa pili, na kosa hilo ni langu, kwa sababu miaka yote hii nilinyamaza.

Lakini sikiliza alichoniuliza mtoto wako. Alinitazama kidogo, akalitazama kopo, akashusha sauti.

"Koko, kama jina yangu haiko, papa atamwagia nani ile pudre?"

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kumsimulia habari za Mapenzi. Aliwaza mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na moja, peke yake kwenye ile meza.

Kwa hiyo nakuomba, na wewe ukawaambie baba na mama wenzako wanaongoja mtihani wiki ijayo. Shusha lile kopo leo, kabla Neema hajarudi kutoka kisimani. Usilifiche, maana ataona pengo na atajiuliza. Mwite, mpe mkononi, mwambie ni la kupakwa baada ya kuoga. Asubuhi ya mtihani mpe chai, na akiitapika umtengenezee nyingine. Kwenye uzio usimpigie kelele yoyote. Na siku ya matokeo usisimame mbele na wazazi wenzako. Simama ukutani naye, umshike mkono kabla direkta hajafungua karatasi, na usiuachie mpaka mmefika nyumbani, jina liwe limesomwa au halikusomwa. Mtihani unarudiwa. Mimi nimejaribu kuirudia ile siku yangu moja, na sijapewa nafasi.

Mungu aliyetuvusha ziwa kwenda na kurudi akubariki wewe na mkeo. Ampe Neema usingizi mzuri wiki hii na tumbo linalokubali chakula. Na siku akikimbia na habari yoyote ile, nzuri au mbaya, miguu yake isiwaze mara mbili, imlete moja kwa moja kwako.

Haya, nisaidie ninyanyuke. Kopo lenyewe siwezi kulifikia, ni wewe mrefu.