Namba Iliyofichwa na Grisi

Mwanangu, kabla hiyo gasketi ya silinda hedi uliyoagiza kwa simu haijatumwa, njoo ukae hapa kidogo. Nimekusikia ukimtajia mwenye duka jina la gari na mwaka wake, basi. Nikacheka, halafu nikaona haya, kwa sababu pikapu hiyohiyo ilinitia adabu nikiwa na umri wako.

Nakumbuka ilikuwa Ijumaa. Kesho yake tulikuwa tupeleke mbuzi wa ntheo kwa kina Mwikali, kule Mitaboni, na kwetu Ukambani msichana hajawa mkeo mpaka mbuzi hao wafike. Gasketi ya pikapu ilikuwa imeungua. Nikakimbia mjini Machakos, nikarudi na mpya inayong'aa, nikijiona fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee Mutiso, mtu asiyejua haraka ni nini. Aliilaza juu ya injini, akapitisha kidole kwenye mashimo ya maji, moja moja. Shimo moja la injini lilikuwa limezibwa na gasketi hiyo.

"Uliambia mtu wa duka nini?"

"Jina ya gari."

"Hii gari ilibadilishwa injini kabla baba yako ainunue. Panguza hapo kando, usome namba ya injini. Hiyo ndiyo unapeleka duka."

"Mzee, duka zinafungwa saa hii. Si utoboe tu hapo?"

"Sitoboi. Shimo ya kutoboa haina ukingo, maji itaingia kwa oili. Ambia wazee muende wiki ijayo."

Nilikasirika. Niliona anataka kunikosesha mke kwa sababu ya shimo dogo kama la kifungo cha shati. Nikatafuta fundi mwingine, akatoboa.

Injini ilichemka tukiwa bado mbali na Mitaboni. Moshi mweupe nyuma, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wajomba zangu wawili, na makoti yao ya kanisani, wakashuka wakashika kamba za mbuzi, tukatembea. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tulifika chakula kimepoa na vumbi limetujaa mpaka kwenye nyusi.

Baba yake Mwikali akaniuliza, "Gari ilikataa?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwona Mwikali amesimama mlangoni, nikashindwa kulisema.

"Haikukataa, mzee. Nimeiharibu mimi. Niliambiwa ningoje, nikakataa."

Akawageukia wenzake. "Huyu tunaweza kukaa na yeye," akasema, akapokea kamba za mbuzi.

Huyo Mwikali ndiye mama yako, na mpaka leo nikimharakisha hunikumbusha oili ile.

Jumatatu nilirudi kwa Mutiso, nikapanguza injini mwenyewe. Namba ilikuwepo siku zote, chini ya grisi. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, ikapelekwa kukatwa kidogo kwa mashine ili isawazike, kwa hivyo gasketi ikachaguliwa nene kidogo kuliko ya kwanza.

Basi mpigie mwenye duka asitume kwanza. Kitambaa kiko nyuma ya kiti cha dereva. Panguza, usome namba, na umwambie kwamba hedi hiyo ilishakatwa. Ukiambiwa ungoje, ngoja. Ukiharibu, sema ni wewe, usilisingizie gari. Nami namwomba Mungu akupe mikono mitulivu, na siku utakapofika umechelewa na vumbi usoni, ukute mlango wazi kama nilivyoukuta mimi.