Slabu ya landlord ilivyohesabiwa kuwa mali ya dadangu kwenye bima ya afya

Wakuu, niaje.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Sikufika mbali na masomo, kwa hivyo nikieleza mambo ya bima vibaya, nirekebisheni. Lakini yaliyotupata nitayasema vile yalikuwa, pamoja na yale mazuri ambayo serikali ilitufanyia.

Nilikuwa naishi Tassia, hapa Nairobi. Orofa ya juu kabisa, chini ya slabu ya zege, chumba kimoja, mimi na dadangu mkubwa, Nafula. Mtaani wanamwita Mama Tito, kwa jina la mwanawe aliye kijijini. Mimi ni kibarua wa godauni. Yeye alikuwa na nafasi yake kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, akiuzia wachinjaji supu ya vichwa vya mbuzi. Asubuhi walikuwa wanamsubiri na vikombe mkononi.

Dada akaanza kutokwa na damu. Si ile ya mwezi. Alificha mpaka siku alipoanguka kando ya sufuria.

Tulienda dispensari ya mtaa na hawakutudai kitu. Hiyo ngazi ya chini inalipwa na kodi, ukishajiandikisha unatibiwa. Nesi alimpima vizuri, akampa dawa za kuongeza damu, akatuambia ni uvimbe kwenye kizazi na utahitaji upasuaji.

Sasa upasuaji ni hospitali kubwa, na huko kunalipwa na mfuko mwingine, ule wa michango. Mwenye payslip anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Sisi tusio na payslip tunapangiwa kiwango kulingana na tunavyoishi, halafu tunalipa mwaka mzima kwa mpigo. Mpaka ulipe, hiyo bima ni jina tu.

Kupangiwa ni maswali. Mama Shiku, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alipanda ngazi zote hizo na simu yake, akakaa kitandani akihema.

"Mama Tito," akamwambia dada, "paa yenu ni ya nini?"

Dada akanifinya. "Sema mabati."

"Ni slabu," nikasema.

"Slabu ni ya landlord!" dada akaruka. "Yangu iko Bungoma, na inavuja."

"Simu haiulizi ni ya nani. Inauliza unalala chini ya nini."

"Basi andika nalala chini ya nguo za majirani."

Tulicheka sote, maana juu yetu kulikuwa na kamba za kuanikia nguo za ploti nzima.

"Choo?"

"Ya ku-flush," nikajibu.

"Ya ku-flush na maji gani?" dada akauliza. "Maji yenyewe inakuja ikitaka!"

"Mama Tito, hapa hakuna mahali pa kuandika hiyo."

Mtaniuliza kwa nini sikusema mabati. Niliwaza hivi: huo mfuko ni wa sisi sote. Kuna mtu mahali analala kwenye nyumba ya makaratasi, na nikidanganya, yeye ndiye namnyang'anya. Bado nawaza hivyo. Lakini pia nadhani nilipenda kuonekana mwaminifu mbele ya Mama Shiku. Labda ni yote mawili. Sijui.

Kiwango kilitoka pale pale kwenye simu. Dada alichukua simu, akakisoma.

"Kumbe mimi ni tajiri na hakuna mtu aliniambia."

Mama Shiku hakufurahia, lazima niseme hivyo. Alituonyesha jinsi ya kukata rufaa, na akaifuatilia yeye mwenyewe bila kulipwa chochote. Tuliambiwa tungoje. Tulingoja, lakini damu haikungoja.

Mwishowe dada aliuza nafasi yake Kiamaiko, sufuria, jiko na benchi, vyote kwa mama mmoja aliyekuwa anaitamani zamani. Tukalipa mwaka.

Na hapa tena nitasema haki. Baada ya kulipa, hospitali haikutuitisha hata bob. Alifanyiwa upasuaji, akalala kwenye shuka safi, daktari akamweleza kila kitu kwa Kiswahili. Bila bima ningekuwa nawaandikia mambo ya matanga.

Dada alirudi bila damu na bila kazi. Aliporudiwa na nguvu, wale wachinjaji walikuwa wamezoea supu ya yule mama mwingine. Mshahara wangu peke yake ukashindwa na kodi ya nyumba ya Tassia. Tulihamia chumba cha mabati huku nyuma ya Kiamaiko. Upepo ukigeuka, harufu ya ile supu inaingia mpaka ndani. Dada huwa anafunga mlango.

Juzi mhudumu wa huku alikuja kuandika upya habari za nyumba yetu, maana mwaka unaisha. Kijana mpole tu, na simu ile ile ya maswali.

"Paa ni ya nini?"

Niliinua macho kwenye paa. Dada alikuwa anakatakata sukuma wiki, hakuinua hata kichwa.

"Si umwambie sasa," akasema. "Mwambie ni mabati."

Nikamwambia. Kiwango kikatoka. Kidogo. Kile ambacho mwaka jana tungelipa bila kuuza hata kijiko.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kama unapanga nyumba, eleza mapema kuwa si yako, na uanze rufaa kabla mtu hajaugua. Zaidi ya hapo sina hekima. Mfuko bila michango utakauka, hilo nalielewa. Na mimi nilisema ukweli mara zote mbili.

Kama kuna mhudumu wa hizo simu humu, au mtu aliyewahi kushinda rufaa, aniambie: siku ile Tassia, nilipaswa kujibu nini? Msinionee huruma. Dada amesema atasoma comments zenu zote, ana nafasi sasa.