Kumi na Tatu kwa Kiingereza

Nyumbani kwetu Ushetu tulihesabu kwa Kisukuma. Kumi na tatu ilikuwa ikumi na idatu, thelathini ikawa makumi adatu, na hata mtoto mdogo hakuzichanganya. Kiswahili nilikipata shuleni, kwa fimbo. Kiingereza nilipata maneno machache tu, kwa sababu niliishia darasa la saba.

Nilikuwa nimeendesha lori la mpunga miaka kumi na moja, Kahama hadi Mwanza na kurudi, bila kugonga hata ukuta. Kwa hiyo mgodi mmoja wa upande wa Geita ulipotangaza kwamba unatafuta wanawake wa kuendesha malori yake makubwa ya kubeba mawe, niliomba. Kwenye kuendesha nilifaulu. Ulibaki mtihani wa redio ya upepo, maana humo mgodini dereva huelekezwa kwa Kiingereza.

Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, alinifundisha wiki tatu. Mimi nasonga ugali, yeye anasoma namba kwenye daftari.

"Mama, hii inavutwa mwishoni. Thirteen. Hii inakatwa. Thirty."

"Mbona ni neno lilelile?"

"Si lilelile. Sikiliza mwisho."

Nilisikiliza huo mwisho hadi nikachoka. Mdomo wangu nao, uliozoea kila neno liishie na irabu, uliimeza ile n ya mwisho, zote mbili zikatoka sawa. Siku moja alicheka. Nikamfokea kwa maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mwanawe, naye akafunga daftari.

Siku ya mtihani mkufunzi, mgeni mwenye sauti ya puani, alikaa kibandani na redio yake. Kando ya barabara ya mawe kulikuwa na vituo vyenye mabango ya namba. Kituo cha kwanza nilikwenda sawasawa, cha pili vilevile. Akataja kingine. Injini ilikuwa inanguruma, mwisho wa neno sikuusikia. Nikaomba arudie. Akarudia vilevile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Nikaenda thelathini. Alikuwa amesema kumi na tatu.

Hakuna aliyeumia, hakuna kilichoharibika. Nilipoteremka, Mtanzania aliyekuwa akimtafsiria aliniambia bila kunitazama, "Dada, umeendesha vizuri kuliko wote. Lakini namba hujui."

"Namba najua," nikamjibu. "Mwambie aniulize kwa lugha ninayoijua."

Hakumtafsiria.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana sokoni Ushirombo na mwanamke tuliyefanya naye mtihani. Yeye alipita. Nikamuuliza anazitofautisha vipi zile namba. Akashangaa.

"Kazini hawasemi hivyo, dada. Wanataja tarakimu mojamoja. Moja, tatu. Tatu, sifuri. Ndiyo sheria ya redio, kwa sababu hata Wazungu wenyewe huzichanganya."

Moja na tatu za Kiingereza nilizijua tangu darasa la tatu. Nilimuaga, nikaenda kukaa ndani ya lori la mpunga, nimefunga mlango.

Nyumbani sikumwambia mtu. Binti yangu amemaliza shule sasa, na mara nyingine huniuliza kwa nini sikuomba tena. Namjibu kwamba nimezeeka. Si kweli. Sitaki tu kumpa mkalimani yule nafasi nyingine ya kusema kwamba sijui kuhesabu.